Barua ya wazi: Kiwanja cha Msalato kisifunguliwe bila basi la kukifikia

Kwa wenye dhamana ya uchukuzi, viwanja vya ndege na reli. Kwa viongozi wa Jiji la Dodoma. Na kwa wote wanaopanga njia za daladala zetu.

Waheshimiwa, mbukwenyi.

Naandika nikiwa Miyuji, kando ya barabara ya Arusha, mahali ambapo malori ya kokoto yamekuwa yakipita mbele ya nyumba zetu kuelekea Msalato tangu jiwe la msingi la kiwanja kipya cha ndege liwekwe Oktoba 2022. Vumbi lake tumelivumilia kwa moyo mmoja, maana kiwanja ni chetu na tunakisubiri kwa hamu. Ombi langu ni moja. Siku ndege ya kwanza ya abiria itakapotua Msalato, basi la umma liwe limeshaegeshwa pale nje, lina ratiba, lina nauli iliyoandikwa, lina mahali pa kuweka begi. Si mwezi unaofuata, si mpaka abiria waongezeke. Siku ileile.

Niwaeleze kwa nini jambo hili limenikaa moyoni.

Mwaka jana nilikwenda Gaborone kumjulia hali mdogo wangu aliyejifungua. Wakati wa kurudi, tiketi ya bei nafuu niliyoipata ilinipitisha Johannesburg, na pale nilitakiwa kusubiri saa nane kabla ya kuunganisha ndege ya Dar es Salaam. Waliowahi kukaa transiti wanazijua saa nane za uwanjani. Kiti kigumu, baridi ya viyoyozi, na kikombe cha chai kwa bei ambayo hapa Dodoma wanakula watu wawili na kushiba. Mdogo wangu alikuwa ameshanipa maelekezo: "Dada, usikae humo kama mzigo. Sisi Watanzania pale hatuombi viza. Toka nje, panda Gautrain, nenda Sandton ukanyooshe miguu, kisha urudi."

Niliogopa. Mtu mwenye ndege ya kuunganisha anaishi kwa mshale wa saa, na hofu yake kubwa ni kuachwa. Nikakaa nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya tiketi. Nikatoa saa moja ya foleni ya uhamiaji, nikatoa saa tatu ili niwe nimerudi mapema na kupita ukaguzi bila kukimbia. Zikabaki nne. Nikasema, Mungu mkubwa, nikatoka.

Kituo cha treni kimo ndani ya uwanja wenyewe. Huhitaji kutoka barabarani kuulizana bei na mtu. Unafuata vibao, unapanda ngazi za umeme, unagusisha kadi kwenye geti, geti linafunguka. Juu kuna ubao unaoonyesha treni inayofuata itaondoka baada ya dakika ngapi. Niliusoma: dakika tisa. Nilisimama nikiwa nimeikazia macho saa yangu ya mkononi, kwa sababu ule ubao ndio nilikuwa nakwenda kuukabidhi tiketi yangu ya kurudi nyumbani. Dakika ya tisa milango ikafungwa, treni ikaondoka. Ndani ni kimya na safi. Nilipofungua chupa yangu ya maji, mlinzi alinisogelea akaniambia kwa upole, "Mama, humu hakuna kula wala kunywa." Nikaifunga, na kwa kweli nilimheshimu. Baada ya dakika kama 15 nilikuwa Sandton, chini kabisa ya ardhi, napandishwa juu na ngazi ndefu sijapata kuziona.

Nilitembea hadi kwenye uwanja wenye sanamu ya Mzee Mandela, ya shaba, urefu wa mita 6. Watoto walikuwa wamemkumbatia miguuni wakipigwa picha. Nami niliweka kiganja changu juu ya kiatu chake, nikakaa pembeni nikala chakula changu taratibu, nikamnunulia mama yangu kitambaa. Nikarudi kituoni, ubao ukasema tena dakika, treni ikaja tena kwa dakika ile iliyosema. Nilikuwa ndani ya uwanja saa tatu na ushei kabla ya safari. Sikutoka jasho.

Kuna mambo mawili kuhusu treni ile ambayo ningependa wakuu wangu myabebe mezani kwenu. La kwanza ni kwamba Gautrain huenda kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya SGR, reli yetu ya kisasa ya umeme. Kwa hiyo chuma tunacho, na cha kujivunia. La pili ndilo zito zaidi. Walipofungua reli ile tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia, hawakusubiri yote ikamilike. Walianza na kipande kimoja, nacho kilikuwa cha kutoka uwanja wa ndege kwenda Sandton. Kwenda Pretoria kulifuata mwaka 2011, na katikati ya Johannesburg mwaka 2012. Yaani miongoni mwa vipande vyote walivyokuwa navyo, kilichotangulia kilikuwa kile cha mgeni anayeshuka kwenye ndege na mwenyeji anayeikimbilia.

Sisemi kwamba kwao kila kitu ni sawa. Nauli ya kwenda na kutoka uwanjani ni kubwa kuliko ya vituo vingine vya reli hiyohiyo, na wengi wa kipato kidogo bado wanabanana kwenye mabasi madogo. Hilo nisingependa tuliige. Ninachokitamani ni ule uhakika wa dakika tisa.

Usiku ule nikatua Dar es Salaam. Jengo la tatu la abiria pale Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019, ni zuri na mtu haoni aibu kulionyesha kwa mgeni. Lakini daladala zinapita nje kwenye Barabara ya Nyerere, na kutoka mlangoni pa jengo hadi kule barabarani si mwendo wa mwanamke mwenye mabegi mawili usiku. Nikapanda gari dogo hadi mjini nilikofikia. Kesho yake nikapanda treni ya kunirudisha Dodoma, nauli ya daraja la kawaida shilingi 31,000. Gari la usiku ule lilinigharimu zaidi ya hiyo. Safari ya kilomita kumi na kitu ndani ya jiji iligharimu kuliko safari ya kilomita zaidi ya 400 kwa treni ya umeme. Dereva wala simlaumu. Naye hushinda pale akisubiri, ana watoto, na yawezekana siku nzima alipata abiria mmoja tu. Bei ile inazaliwa pale msafiri anapokosa njia ya pili.

Wenzangu wa kanda hii ya kati wanajua kwamba kabla ya SGR mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 2023 nilimsindikiza shemeji yangu aliyekuwa na ndege ya saa tano usiku Dar es Salaam. Tuliondoka na basi la alfajiri tukiamini muda ni mwingi. Basi likaharibika Gairo. Mafundi wakaingia chini ya gari, abiria tukakaa kwenye kivuli cha kibanda cha mahindi, jua likapanda, likaanza kushuka. Shemeji alikuwa akitazama simu yake kila baada ya dakika mbili, hatimaye akaacha kuitazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba amekata tamaa. Ndege ilimwacha. Tiketi mpya aliilipia kwa fedha za kuku wake wote na nyongeza ya mkopo wa kikundi.

Kwa hiyo treni ilipoanza kuja Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na Rais alipoizindua rasmi Agosti mosi, wengine walishangilia kasi. Mimi nilishangilia saa. Kwa mara ya kwanza mtu wa Dodoma angeweza kusema nitakuwa Dar saa fulani, na akawa Dar saa hiyo. Ninawashukuru kwa dhati walioifikisha hapa. Ndiyo maana inaniuma kuona uhakika ule unakatika mlangoni mwa stesheni. Abiria anafika kutoka Dodoma kwa saa tatu na nusu hivi, kisha anaingia Barabara ya Nyerere kurudi nyuma kuelekea uwanja wa ndege, na hapo hajui kama ni nusu saa au saa mbili. Nasema kurudi nyuma kwa sababu treni yenyewe, ikitoka huku kwetu, hupita Pugu kwanza, ambako ni mbele ya uwanja wa ndege ukitokea katikati ya jiji. Abiria wa ndege anaupita uwanja, anapelekwa mjini, halafu anaurudia. Mabasi machache tu yanayosubiri treni ya kawaida Pugu na kuwapeleka watu moja kwa moja hadi majengo ya abiria, au yanayotoka stesheni ya mjini kwa saa zinazolingana na treni, yangemaliza sehemu kubwa ya mateso haya. Barabara za mwendokasi za Nyerere zimejengwa kuelekea Gongo la Mboto. Naomba mabasi yake yasiishie kupita nje ya geti la uwanja wa ndege. Yaingie hadi mlangoni, na mengine yawe na sehemu ya mizigo. Na tiketi ya treni iweze kuuzwa pamoja na ya basi hilo, kwa simu ileile na kwa malipo yaleyale.

Sasa nirudi nyumbani, maana Dar es Salaam ina watetezi wengi.

Kiwanja tunachokitumia leo Dodoma kipo katikati ya mji. Wakati mwingine tunalalamika kwamba kimebanwa, na ni kweli, ndiyo maana tunajenga kingine chenye barabara ya kurukia ya kilomita 3.6. Lakini kiwanja hiki cha zamani kina fadhila moja ambayo hatuisemi kwa sababu tumeizoea: maskini anakifikia. Nimeona wazee wakitoka hapo kwa miguu, koti begani, wakivuka barabara na kwenda zao. Nimeona mama mmoja amebeba tenga la zabibu kichwani, zimefunikwa kwa majani, anamsindikiza kijana wake anayerudi kazini. Walikuja na daladala ya kawaida hadi mjini, kisha wakatembea. Waliagana kwenye uzio. Alipoingia ndani, mama akabaki amesimama hapo mpaka ndege ikaruka, akaitazama mpaka ikapotea, ndipo akageuka kurudi kwake Kikuyu, hapahapa Dodoma.

Msalato iko kama kilomita 12 kutoka katikati ya mji. Mama yule atafikaje?

Msiniambie kuna daladala za Msalato na Veyula. Zipo, ninazipanda, na makondakta wake wengi ni vijana wazuri wanaojituma. Lakini njooni mpande nami siku ya Jumamosi, siku ya mnada wa Msalato. Siku hiyo jiji zima linaelekea kule kwa ajili ya mifugo na nyama choma. Ndani ya gari kuna magunia, kuna ndoo, kuna kuku waliofungwa miguu, kuna watu wawili kwenye nafasi ya mmoja. Nilipanda na begi la magurudumu, dogo tu, kondakta akaliangalia, akasema, "Mama, hili nalo lina nauli yake." Nikalilipia nauli ya mtu mzima na bado nikalipakata magotini hadi Miyuji. Sasa weka hapo abiria mwenye ndege ya kuunganisha. Ndege yake ya Dar inaondoka baada ya saa moja na nusu, akiikosa ataikosa na ile ya kwenda mbali. Daladala inasimama kila baada ya mita mia, inasubiri ijae, inakata njia kurudi mjini kwa sababu abiria wa upande ule ni wengi zaidi. Huyo mtu atapanda bodaboda, begi mbele, yeye nyuma, kwenye barabara ya malori. Hatutaki kuanza kuzika watu kwa ajili ya kiwanja kizuri.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo wapangaji hulisahau wanapofikiria kiwanja cha ndege. Wanaokwenda pale kila siku si abiria. Ni mfagiaji, mlinzi, mpishi, mbeba mizigo, binti wa kaunta. Wataingia zamu ya alfajiri na kutoka usiku, wengi wao wanaishi Chang'ombe, Ipagala, Nzuguni, Mkonze. Wakikosa usafiri wa umma, nusu ya mshahara itaishia kwenye bajaji. Kwa hiyo anayesema basi litakwenda tupu katika miezi ya mwanzo hajawahesabu hawa. Basi la wafanyakazi na basi la abiria ni basi lilelile, mradi lianze mapema kabla ya ndege ya kwanza na lisimalize kazi kabla ya ndege ya mwisho.

Njia zenyewe si ngumu kuziona. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani ipo Nane Nane. Huko ndiko anakoshukia mtu wa Singida, wa Manyoni, wa Kongwa. Stesheni ya SGR ndiyo mlango wa watu wa Dar es Salaam na Morogoro. Mji wa Serikali upo Mtumba. Basi moja liunge Nane Nane, stesheni ya SGR, katikati ya mji na Msalato, lisimame vituo vichache tu vinavyojulikana. Halafu tuna ile barabara kubwa ya mzunguko ya kilomita 112.3, ambayo kipande chake kimoja kinatoka Nala, kinapita Veyula, kinakwenda Mtumba hadi bandari kavu ya Ihumwa. Itazameni tena ramani. Barabara ile inapita karibu na kiwanja. Mtumishi wa Mtumba mwenye safari ya kikazi anaweza kufika Msalato bila kukanyaga katikati ya mji, na anayetoka njia ya Singida anaweza kuchukuliwa Nala. Fedha nyingi za umma zimelala kwenye lami ile. Tuipe na basi.

Najua swali litakalokuja: na vijana wa bajaji na teksi wakale wapi? Ni swali la haki na sitaki lipuuzwe, kwa sababu mmoja wao ni mtoto wa kaka yangu. Wapewe maegesho yao rasmi pale kiwanjani, yenye kivuli na choo, na bei elekezi ibandikwe ukutani ili wasigombane na wageni. Mwenye haraka na mwenye mizigo mingi bado atawahitaji. Usiku wa manane watakuwa wao peke yao. Lakini riziki yao isitegemee abiria kukosa pa kwenda.

Najua pia la fedha. Siombi reli ya kwenda Msalato, ingawa siku moja ningependa kuiona. Naomba Kosta sita au nane, zilizopewa leseni ya njia hiyo na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, kwa sharti la kuondoka kwa saa, zijae zisijae. Viti vichache viondolewe nyuma ziwekwe rafu za mabegi. Mlango mmoja uwe na njia ya kuingilia kiti cha magurudumu. Nina jirani mwenye ulemavu ambaye kila safari hubebwa mgongoni kama mtoto, na ni mtu mzima mwenye heshima zake. Nauli iandikwe ubavuni mwa gari. Na ratiba ibandikwe kwa Kiswahili kikubwa kinachosomeka, pale mgeni anapochukua begi lake, na ibandikwe tena Nane Nane na stesheni, maana mtu anayeunganisha safari huwa hana muda wa kuulizia. Anahitaji kusoma mara moja, aamini, aondoke.

Hayo yote yanaweza kuandikwa sasa, wakati ujenzi unaendelea, kwa sababu kituo cha basi kikisahaulika kwenye mchoro, baadaye kitawekwa nje ya geti, juani, mbali na mlango, nasi tutaambiwa nafasi imekwisha. Kwa hiyo ninawaomba, kabla ya jambo lingine lolote, mtuonyeshe wananchi kwenye mchoro wa Msalato ni wapi basi litasimama, na ni hatua ngapi kutoka hapo hadi mlangoni.

Kwa upande wangu nimeanza kidogo. Kwa wiki mbili sasa, kila nikiwa kituoni hapa Miyuji, naandika kwenye daftari saa ya kila daladala inayopita kuelekea Msalato, imejaa au haijajaa, na ya mwisho usiku imepita saa ngapi. Mjukuu wangu hunisaidia akitoka shule. Daftari lipo, mwandiko unasomeka, na siku mtakayonihitaji nitalileta ofisini kwenu mwenyewe.

Mkazi wa Miyuji,
Dodoma